Nimekosa Sukari

Kwa miaka mingi nimekana jambo moja, na nimelikana kwa ustadi. Nimelikana mbele ya shangazi zangu kwenye harusi, na nimelikana kwenye matanga, ile saa watu wanapokuwa wamechoka kulia na wanatafuta cha kuchekea. "Ni wewe," wananiambia, "ni wewe uliyepiga kelele kanisani kwamba kwa Domitila hakuna sukari." Nami huweka kikombe chini, nikavaa uso wa msomi, nikasema sikumbuki kitu kama hicho. Pengine alikuwa mtoto mwingine. Watoto wa Muleba tulikuwa wengi, na wote tulinyolewa vichwa namna moja.

Alikuwa ni mimi. Nakumbuka kila neno. Na kilichonifanya nikane si zile kelele, maana kelele za mtoto husameheka. Ni sababu yake: sikujua maana ya neno moja la Kiswahili, neno dogo ambalo mtoto yeyote wa Tanga analijua kabla hajaota meno. Mimi, ninayekula kwa kufundisha Kiswahili, niliyewahi kumrudishia mwanafunzi kazi yake nzima kwa sababu ya kiambishi kimoja. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama mbele ya shangazi zake akasema, jamani, sikujua "kukosa" ni nini.

Juzi nilikuwa dukani, Bilele. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, mwenye duka amerudia mifuko ya karatasi ya kaki, na aliponipimia sukari, akakunja mdomo wa mfuko mara mbili na kunikabidhi, ile harufu ilinipanda puani kabla sijashika chenji. Kaki yenye unyevu kidogo, na ndani yake sukari. Wenzangu wa rika langu mnaijua. Nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyeitwa jina.

Nililelewa na Bibi Domitila, mama wa baba yangu, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni kiasi kwamba hata jua lilikuwa likiingia kwa hodi. Mnajua sisi Wahaya tunavyosemwa kwa majivuno. Yote yanayosemwa yalianzia kwa Bibi yangu. Aliamini kwamba nyumba yake haikuwahi kupungukiwa na kitu, na kama ukweli ulikuwa na maoni tofauti, basi ukweli ndio uliopaswa kubadilisha usemi wake. Chumvi ikiisha, kwetu tulisema imetembea. Mafuta ya taa yakiisha, yamechoka. Na sukari, ambayo miaka ile ilikuwa kitu cha kusimuliwa kuliko kuliwa, ilikuwa imelala.

Mgeni akifika, nilitumwa jikoni, nikarudi, nikapiga magoti na kusema kwa adabu zote, "Bibi, sukari bado imelala."

"Iache ipumzike," Bibi alikuwa akijibu, bila hata kope kucheza, kisha akamsogezea mgeni kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na mazungumzo yakaendelea kana kwamba chai haijawahi kugunduliwa duniani.

Mtu mmoja tu alijua ule ulikuwa usingizi wa namna gani. Alikuwa Ma Paskazia, jirani yetu na rafiki wa Bibi, mwanamke mnene mwenye cherehani na kicheko kilichoanzia mabegani. Yeye hakuhitaji kudanganywa. Alikunywa uji wetu mkavu, akajilamba midomo, akasema, "Domitila, uji wako mtamu, hauhitaji hata sukari kuamka." Na wote wawili walicheka mpaka kuku wakatoka jikoni. Ma Paskazia ndiye pia aliyekuwa akinishonea gauni jeupe la komunyo ya kwanza. Gauni hilo lilikuwa limefika kiunoni, na kila siku nilipita kwake kuona kama limepanda.

Sasa, Kiswahili. Nyumbani tulisema Kihaya, na kwa Kihaya kutenda dhambi na kupungukiwa na kitu ni maneno mawili yasiyofahamiana kabisa. Kiswahili nilikipata shuleni, na "kukosa" nilifundishwa siku ya kugawa madaftari. Mwalimu aligawa kuanzia mbele, na yalipoisha kabla hajafika nyuma, aliuliza, "Nani amekosa?" Sisi wa nyuma tulisimama, tukainua mikono, tukapiga kelele, "Mimi nimekosa, mwalimu! Nimekosa!" Aliyesimama vizuri na kupiga kelele zaidi alitafutiwa daftari kabatini. Kwangu lilikuwa neno lenye heri. Ukilisema, unapata.

Basi fikirieni mtoto huyo akiingia kanisani Jumapili, na kanisa zima linasimama, wazee kwa vijana, na kumwambia Mungu kwamba wamekosa mno. Kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo. Na wanajipiga kifua ili waonekane! Nilielewa mara moja. Mungu alikuwa akigawa, na sisi Muleba tulikuwa dawati la nyuma.

Nilitazama huku na huku na kuona kila kitu kinalingana. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye angeweza kukaa kwenye baraza lako mchana kutwa bila kutamka neno, ndiye aliyejipiga kifua kwa nguvu kuliko wote. Maskini, nilifikiri, yeye kweli amekosa maneno. Mimi maneno sikuwa nimekosa. Kila mtu alikuwa akiniambia niyapunguze. Kwa hiyo mahali pa maneno nilinyamaza, ili nisimdanganye Mungu, nikasubiri mahali pa vitendo. Mahali pa mwisho, pa kutotimiza wajibu, palikuwa parefu mno kwangu. Nilipapitia kwa kukohoa.

Ndipo tukaanza mafundisho. Katekista wetu alikuwa mtu mkavu, mwenye fimbo ya mkaratusi na koti moja la majira yote. "Mkienda kuungama," alisema, "msimfiche Padre kitu. Mwambieni yote mliyokosa. Na yapo mliyoyakosa bila kujua. Hayo nayo mwambieni, kwa jumla, Mungu mwenyewe atayachambua."

Mtoto mmoja aliuliza itakuwaje kama tukisikia ya mwenzetu tukiwa kwenye foleni.

"Hukusikia," alisema katekista.

"Lakini kama nimesikia, mwalimu?"

Fimbo ikagonga meza. "Nimesema hukusikia! Yanayosikika pale ni siri, hata kwa aliyesikia kwa bahati mbaya. Yafie hapo hapo. Mkubwa, mdogo, hakuna wa kuyatoa."

Mimi nilibaki na hilo la kukosa bila kujua. Lilinisumbua njia nzima. Mtu anakosaje kitu bila kujua? Kisha nikakumbuka kwamba sikuwahi kujua nimekosa baiskeli mpaka siku nilipoiona baiskeli. Mungu alikuwa mjanja sana.

Kabla ya Jumamosi ya maungamo tuliambiwa tuchunguze dhamiri. Nilichunguza. Nilianzia jikoni, nikafunua kopo la sukari na kukuta sisimizi mmoja mkavu aliyekata tamaa. Nikaenda chumbani, nikalitazama blanketi letu ambalo lilikuwa limebaki matundu yaliyoshonwa pamoja. Nikamfuata Bibi, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Bibi, na wewe umekosa?"

Kisu kilisimama. Nilitegemea aniambie kwamba kwa Domitila hakukosekani kitu. Badala yake aliinamisha kichwa na kusema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Sana, mwana wange. Mengi. Mungu peke yake anajua."

Nilishangaa mno. Kumbe alijua! Kumbe kulikuwa na mahali pamoja duniani ambapo hata Bibi aliruhusiwa kusema sukari imeisha, na mahali hapo ni kwa Padre. Niliamua palepale kumsemea na yeye, kwa sababu nilimjua: angefika mbele ya Mungu akasema imelala.

Padre wetu alikuwa mzee mwema ambaye masikio yake yalikuwa yametangulia kuzeeka. Kibanda cha kitubio kilikuwa cha mbao, na foleni ilikaa kwenye benchi karibu, watoto mbele na watu wazima nyuma yao. Niliingia, nikapiga magoti, nikasema nilivyofundishwa, maneno ambayo niliyaona yana akili kuliko yote katika dini yetu: nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa.

"Sema kwa sauti, mwanangu," alisema Padre. "Mungu anakusikia. Ni mimi mwenye matatizo."

"NIMEKOSA, PADRE!"

"Vizuri. Umekosa nini?"

Na hapo ndipo ningeweza kuokolewa, kama Kiswahili kingekuwa na huruma.

"Sukari!"

"Sukari. Uliiba?"

"Hapana, Padre. Nimekosa."

"Ulilamba bila ruhusa?"

"Hata kulamba nimekosa!"

"Ahaa. Mara ngapi?"

"Tangu Pasaka! Kila siku! Na Bibi naye amekosa!"

Padre alijikuna nyuma ya wavu. "Ya Bibi mwachie Bibi. Sema yako."

"Nyama, Padre. Nimekosa nyama."

"Siku ya Ijumaa?"

"Ijumaa, na Jumamosi, na Jumapili!"

"Mungu wangu. Kingine?"

"Blanketi!"

"Blanketi limefanya nini?"

"Halipo, Padre!"

Nadhani Padre alikuwa akipitia kichwani vitabu vyote vya seminari. Nikakumbuka katekista, nikamalizia, "Na yote niliyokosa bila kujua!"

"Hilo umesema vizuri sana," alisema Padre, kwa sauti ya mtu aliyeona nchi kavu. "Unajuta?"

"Sana!"

"Sali Salamu Maria tatu. Na usirudie tena."

Nisirudie kukosa! Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama mtu aliyeandikishwa. Kwenye benchi watoto walikuwa wametoa macho. Nyuma yao alikuwa Ma Paskazia, amefunika uso kwa viganja, mabega yakitetemeka vibaya. Nilimhurumia. Nilifikiri analilia dhambi zake.

Majibu ya Mungu yalifika Jumapili baada ya misa. Alianza mama mmoja wa jumuiya yetu, aliyesema alikuwa anapita tu, na kupita huko kulikuwa na kifurushi cha kaki ambamo kulikuwa na sukari ya kujaza kiganja. Akaja wa pili, naye anapita tu, na kaki yake. Miaka ile, wenzangu, sukari kiganja kimoja ilikuwa imetoka kwenye chai ya watoto wa mtu. Sikulijua hilo. Nilisimama mlangoni nikinusa zile kaki na kuhesabu Salamu Maria zangu kwa kuridhika. Kikaja kipande cha nyama ndani ya jani la mgomba. Likaja blanketi, si jipya, lakini zima.

Bibi alivumilia. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, uso ukizidi kukaza kama ngozi ya ngoma. Mpaka alipotokea mama wa mwisho, ambaye nyumbani kwake hapakuwa na sukari wala nyama wala blanketi, na hivyo akaleta alichokuwa nacho. Alileta mkungu wa ndizi.

Asiye wa kwetu hawezi kuelewa. Kumletea Mhaya mwenye kibanja, shamba lake la migomba, mkungu wa ndizi kwa kumwonea huruma ni kama kumpelekea mvuvi ndoo ya maji ya ziwa. Bibi aliutazama mkungu, akaitazama migomba yake iliyomzunguka pande zote, akaniita ndani.

"Kibanja changu kimeungua?"

"Hapana, Bibi."

"Umesema nini huko?"

"Sijasema kitu. Nimesali tu." Na sikuona kama nadanganya, kwa sababu katekista alikuwa ametukataza kutoa siri.

Bibi alikaa kwenye mkeka, akafikiri. Kisha akasema polepole, akimjibu mtu asiyekuwepo, "Ni Paskazia. Nani mwingine anayejua kopo langu? Paskazia amenitangaza."

Jioni ile Ma Paskazia alipokuja kama kawaida, hakusogezewa kikapu cha kahawa. Kwa mwenye akili, hilo lilitosha. Alikaa kidogo, akatazama kile kikapu kilichokaa mbali naye, akanitazama mimi. Nilidhani atasema kitu. Alifungua mdomo, akaufunga, akainuka, akasema, "Haya, Domitila, ulale salama," akaenda zake.

Hakurudi. Bibi akaanza kwenda kisimani kwa njia ya nyuma, ndefu na yenye utelezi, ili asipite mbele ya cherehani. Uji wetu sasa ulikuwa na sukari, na hapakuwa na wa kucheka naye. Bibi aliunywa kama dawa. Na gauni langu, lililokuwa limefika kiunoni, lilibaki kiunoni, upande wa pili wa migomba.

"Nitavaa nini, Bibi?"

"Utavaa la shule."

"Ni la kijani!"

"Mungu anajua rangi zote."

Nilipiga hesabu zangu na kuona kwamba tangu nisamehewe nilikuwa nimekosa zaidi: nimekosa gauni, nimekosa Ma Paskazia, nimekosa kile kicheko cha jikoni. Na Padre alisema nisirudie. Niliogopa kwelikweli. Komunyo ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa na mapungufu mapya.

Siku moja, tukimenya ndizi, nilimuuliza Bibi kama yule mzee asiyesema alikuwa ameshapata maneno.

"Maneno gani?"

"Si kila Jumapili anamwambia Mungu amekosa maneno?"

Bibi alikiweka kisu chini. Alinitazama muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo. "Na wewe," aliuliza taratibu, "ulimwambia Padre umekosa nini?"

"Ni siri, Bibi."

Macho yake yalikwenda kwenye kopo la sukari, yakaenda kwenye blanketi lililoanikwa uani, yakarudi kwangu. Mdomo ulimcheza. Nilifikiri atanichapa. Hakunichapa wala hakuniuliza tena, siku ile wala mpaka anakufa. Jumamosi alivaa kitenge chake cha Jumapili, akashika njia ya kanisani peke yake, na aliporudi alipita njia ya mbele.

Kesho yake, baada ya misa, Ma Paskazia alitokea kwenye migomba. Mkono mmoja alikuwa na gauni langu, limekamilika, lina hadi lesi shingoni. Mimi sikuona kitu kingine chochote duniani. Lakini mkono wa pili alikuwa na kikombe kitupu, na alisimama katikati ya ua, akasema kwa Kiswahili, yeye aliyekuwa akimsemesha Bibi Kihaya tangu wakiwa wasichana:

"Domitila, nimekosa sukari."

Bibi alitoka jikoni, akamtazama, akatazama kikombe. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akakichukua kikombe, akakijaza mpaka kikamwagika, na wale mabibi wawili wakashikana mabega pale uani wakitikisika, na kuku wakatoka jikoni. Mimi nilikuwa nimeshavaa gauni. Nilifikiri tu kwamba sasa zamu ya kukosa imefika kwa Ma Paskazia.

Maana ya neno niliijua baadaye, darasani, mwalimu alipoandika "kosa" na "makosa" ubaoni, nikahisi damu yote inapanda masikioni. Tangu hapo nilianza kukana, na kukana kukawa sehemu ya elimu yangu.

Bibi alishatangulia. Ma Paskazia yupo; miguu imemkataa, mdomo bado mzima, anaishi kwa binti yake Kagondo. Mimi nakaa Nshambya, kwa hiyo ningeweza kwenda kwa miguu. Nilipiga simu, kwa sababu kwenye simu mtu haonekani uso. Kaki ilikuwa mezani, haijafunguliwa.

"Shikamoo, Ma. Ni mimi, mjukuu wa Domitila."

"Marahaba, mwana wange! Yule mwenye shule nyingi?"

"Huyo huyo. Ma, nataka kukuomba msamaha. Ile habari ya sukari. Bibi alikulaumu wewe, na kumbe ni mimi, kule kwenye kitubio. Sikujua. Na wewe ulikuwa kwenye benchi, ulisikia kila kitu, ukakaa kimya ukabeba lawama."

"Sikusikia," alisema Ma Paskazia.

"Ma, nilikuona. Ulikuwa nyuma ya watoto."

"Nilikuwepo. Sikusikia. Katekista alisema hatukusikia."

Mwanamke huyu alipoteza rafiki, akapitwa njia ya nyuma, akashona lesi ya mtoto aliyemponza, na neno moja tu lingemtoa lawamani, na neno hilo alilihesabu halikusikika. Bado alikuwa anahesabu hivyo.

"Sasa mlipatanaje?" nikauliza. "Nani alimwambia Bibi aje akuombe radhi?"

"Hakuja kuniomba radhi. Domitila aombe radhi? Unamjua kweli bibi yako?"

"Basi ilikuwaje?"

"Yule Padre si ulikuwa unamjua masikio yake." Akashusha sauti. "Jumamosi ile bibi yako alipoungama, mimi nilikuwa kwenye benchi tena. Na yeye pia sikumsikia. Sikumsikia akitaja jina langu. Sikumsikia akisema amenikosea, na kwamba mjukuu wake ni mjinga wa Kiswahili lakini hana hatia. Sikusikia kitu, mwana wange. Ila kesho yake nilichukua kikombe."

Nje mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Nilikaa nikakuna karatasi ya ile kaki kwa kucha. Sentensi nzuri nilizokuwa nimeziandaa, zenye viambishi vyote mahali pake, zilikuwa zimekwisha, na kwa mara ya kwanza nilielewa yule mzee wa barazani alikuwa akimaanisha nini.

"Ma Paskazia," nikasema. "Nimekosa."

Kisha nikasikia kitu kinaanza mbali, chini kabisa, mabegani.

"Umekosa nini tena, mwana wange? Sukari?"

"Ndiyo, Ma."

"Basi njoo na kikombe."